Niamini taa ya taimingi au sikio la fundi?

Swali limetoka kwa msomaji wa Mamboleo, Kisumu. Nalifupisha: "Nina Corolla DX, injini ya 4K yenye pointi. Gasketi ya hedi iliungua, hedi ikapelekwa kuskimiwa, yaani kukatwa kidogo ili inyooke. Kwa kuwa injini ilikuwa imeshafunguliwa, tulibadilisha pia cheni ya taimingi, puli ya mbele iliyokuwa imemeguka, na distributa inayogawia plagi cheche. Puli na distributa ni spea zilizokwisha kutumika. Fundi wa kwanza alipanga waya za plagi, gari likawa linapiga chafya kwenye kabureta. Wa pili akabadilishana waya mbili, likawaka, akazungusha distributa huku akisikiliza mpaka injini ikanguruma vizuri. Likiwa limesimama linaenda laini kabisa. Nikipanda Riat kwenda Kiboswa linagonga, geji ya joto inapanda, na nikilizima likiwa moto stata inazunguka kwa shida kama betri imekufa. Nimenunua taa ya taimingi, lakini alama ya puli haiko hata karibu na kipimo. Niamini taa au fundi?"

Ndugu yangu, kwa sasa usiamini hata mmoja. Taimingi ni wakati cheche inaporuka, na taa inakuonyesha alama iko wapi wakati huo, basi. Haijui kama alama yenyewe imechongwa mahali pake. Puli yako imetoka kwenye injini nyingine, na pengine kava ya cheni, iliyobeba kipimo cha digrii, nayo ina historia yake. Fundi naye alisikiliza injini isiyobeba mzigo wowote, akaichagulia taimingi ya kupandia mlima. Kabla hujalegeza bolti ya distributa, tafuta pistoni ya kwanza inafika juu kabisa wakati gani. Mahali hapo nitapaita kilele. Ukishapajua kwa hakika, kazi iliyobaki ni ya asubuhi moja.

Nianze na dalili zako, maana zinasema jambo moja kwa sauti tatu. Kugonga mlimani, joto kupanda, na stata kusukumwa nyuma injini ikiwa moto: cheche inaruka mapema mno. Mchanganyiko wa petroli na hewa hauwaki wote kwa mara moja, moto unahitaji muda kutembea ndani ya silinda, ndiyo sababu cheche hutangulia kidogo kabla pistoni haijafika kilele. Shinikizo kubwa linatakiwa lije pistoni ikiwa imeshaanza kushuka, kama digrii 15 hivi baada ya kilele. Cheche ikitangulia sana, shinikizo linaikuta pistoni ikiwa bado inapanda. Hapo ndipo unaposikia mlio kama misumari ndani ya mkebe. Na unapopiga stata, injini iliyo moto huipiga stata ngumi ya kuirudisha nyuma, nawe unalaumu betri.

Sasa kwa nini sikio lilidanganya? Kwa sababu injini ikiwa imetulia bila mzigo, kila unapoitanguliza cheche huongeza kasi na kulainika. Fundi anazungusha distributa, mngurumo unapanda, anazungusha tena, unapanda tena, mpaka anapoona hauongezeki. Pale alipoachia ni mahali injini isiyo na mzigo inapopapenda, na mara nyingi pamepita kipimo kwa digrii nyingi. Ninawaheshimu mafundi wenye sikio. Kuna wanaosikia valvu iliyolegea kutoka ng'ambo ya barabara. Lakini kugonga kunatokea kabureta ikiwa imefunguka na mlima uko mbele, na kwenye gereji gari halipandi kitu.

Hilo la chafya kwenye kabureta lina maelezo yake, na linawapata watu wengi wenye injini hizi. Familia ya K, ambayo Toyota waliianza na Corolla ya kwanza mwaka 1966, inawaka kwa mfuatano wa 1-2-4-3. Injini nyingi za silinda nne zinazopita gereji zetu ni 1-3-4-2, na mkono wa fundi umezoea hivyo. Ukipanga 1-3-4-2 kwenye 4K, silinda ya 1 na ya 4 zitapata cheche kwa wakati wake, ya 2 na ya 3 zitapokea cheche mzunguko mzima nje ya zamu. Mojawapo itapata moto wakati valvu ya kuingiza imefunguka, na moto huo utatokea kwenye kabureta. Fundi wako wa pili aliligundua hilo, apewe haki yake. Hata hivyo hakiki mwenyewe: toa kepu ya distributa, mtu azungushe injini kidogo, uone rota, kile kidole kinachozunguka ndani yake, inaelekea upande gani, kisha fuata waya kwa upande huohuo ukianzia ya 1. Silinda ya 1 ni ile iliyo karibu na rejeta.

Kabla ya taimingi kuna kazi mbili ambazo lazima zitangulie, kwa sababu zote mbili huigusa.

Ya kwanza ni valvu. Hedi iliyoskimiwa imeshuka, lakini fito za kusukumia valvu zimebaki na urefu uleule, kwa hiyo nafasi imebana. Kwa 4K weka milimita 0.20 kwa valvu za kuingiza na 0.30 kwa za egzosti, injini ikiwa moto. Una bahati katika jambo moja: kemshafti, ile shafti inayofungua valvu, kwenye injini hii iko ndani ya bloku, kwa hiyo kuskimu hedi hakukubadilisha taimingi ya valvu. Kwenye injini ambazo kemshafti imekaa juu ya hedi, kila unachokata kinaileta kemshafti karibu na krankshafti, shafti inayozungushwa na pistoni, na kuichelewesha kidogo.

Ya pili ni pointi, ile swichi ndogo ndani ya distributa ambayo cheche huruka inapoachana. Weka mwanya wa milimita 0.45 kwa fila geji, sehemu ya kusuguliwa ikiwa juu kabisa ya nundu. Kama una kifaa cha kupima pembe ya pointi, digrii 52. Mwanya ukiongezeka, pointi zinaachana mapema na taimingi inatangulia, ukipungua, inachelewa. Anayeweka taimingi kwanza kisha akarudi kurekebisha pointi ameivuruga taimingi yake mwenyewe bila kujua. Na distributa ya kutumika uichunguze kabla ya kuamini mwanya huo: shika shafti yake kwa vidole, isukume kushoto na kulia. Ikicheza, mwanya unabadilika kila rota inapozunguka na hakuna taimingi itakayotulia. Distributa ya namna hiyo irudishe dukani ukiwa bado na risiti. Plagi ziwe na mwanya wa milimita 0.8, na tuendelee.

Sasa kilele. Utahitaji kizuizi cha kuingia kwenye tundu la plagi. Chukua plagi mbovu, vunja kaure yake yote ibaki kopo la chuma lenye nyuzi, halafu mpelekee mtu wa kuchomelea hapo Kibuye akuwekee bolti inayotokeza ndani kama sentimita mbili au tatu, ncha yake ikiwa imesuguliwa mviringo isije ikakwaruza pistoni. Mwambie atoboe na tundu dogo la kupitisha hewa. Kifaa hiki hakikugharimu kitu cha maana, na utakitumia mpaka uliuze gari.

Toa waya wa betri. Toa plagi zote nne ili injini izunguke kwa mkono bila kupambana. Zungusha kwa spana kwenye bolti ya puli mpaka pistoni ya kwanza iwe imeshuka, ndipo ufunge kizuizi. Sasa zungusha polepole kwa upande injini inaozunguka, yaani kama saa ukiitazama kutoka mbele, mpaka uhisi pistoni imegusa. Usilazimishe. Chora mstari mwembamba kwenye puli, mkabala kabisa na sifuri ya kipimo. Sasa rudisha nyuma, karibu mzunguko mzima, mpaka iguse tena upande wa pili. Hapa angalia isiwe bolti ya puli ndiyo inayofunguka badala ya injini kuzunguka. Chora mstari wa pili mkabala na sifuri ileile. Kilele cha kweli kiko katikati ya mistari hiyo miwili. Pima kwa utepe wa fundi cherehani, uuzungushie puli, gawanya kwa mbili, uweke alama kwa ile kalamu nyeupe ya kufutia makosa. Toa kizuizi mara moja kabla hujasahau, kwa sababu stata ikizungusha injini kikiwa ndani utatoboa pistoni.

Ikiwa alama yako mpya imeangukia juu ya ile ya zamani, puli ni ya kweli na tatizo lilikuwa la distributa peke yake. Kwa maelezo uliyonipa sitarajii hivyo. Natarajia utaiona ya zamani imekaa mbali, nayo uikwaruze kabisa ili fundi mwingine asiifuate kesho.

Sasa unahitaji alama ya digrii 8. Kwa 4K ya kabureta na pointi, kipimo cha kuanzia ni digrii 8 kabla ya kilele. Kama kibandiko cha chini ya boneti bado kinasomeka na kinasema tofauti, fuata kibandiko. Pima kipenyo cha puli kwa milimita, zidisha kwa 3.14, gawanya kwa 360. Hiyo ndiyo digrii moja kwenye ukingo. Puli ya milimita 130 inakupa milimita 1.13 kwa digrii, hivyo digrii 8 ni milimita 9. Alama hii inatakiwa ifike kwenye sifuri ya kipimo kabla ya alama ya kilele, kwa hiyo iweke upande unaotangulia injini ikizunguka. Wengi huiweka upande wa nyuma, wakaishia na cheche iliyochelewa digrii 8 badala ya kutangulia. Zungusha injini kwa mkono polepole uangalie: ya nane ipite kwanza, kisha kilele.

Hapohapo, kabla ya kuendelea, ikague cheni. Taa ya taimingi haioni valvu. Cheni ikiwa imeruka jino moja, mtu anaweza kuzungusha distributa mpaka cheche iwe sawa kabisa na gari bado likawa zito, halina nguvu, na kila mtu akashangaa. Sproketi ya kemshafti ikiwa na meno 36, kosa la jino moja ni digrii 10 za kemshafti, ambazo ni 20 za krankshafti. Huhitaji kufungua kava ili kujua. Toa kifuniko cha valvu, zungusha mpaka kilele cha silinda ya 1 ikiwa kwenye kushindilia, yaani pistoni imepanda ikibana mchanganyiko. Utajua kwa sababu valvu zake zote mbili zimelegea. Sasa tazama silinda ya 4. Valvu zake zinapaswa kuwa zinapokezana: ya egzosti inamalizia kufunga, ya kuingiza inaanza kufungua. Cheza na puli digrii chache mbele na nyuma uone zinapishana wapi. Zikipishana karibu na alama yako, cheni iko sawa. Zikipishana mbali, milimita 20 na zaidi kwenye ukingo wa puli, fungua kava. Usipoteze petroli kujaribu kurekebisha kwa distributa.

Cheni ikiwa sawa, sasa ndiyo zamu ya distributa. Injini ikiwa bado kwenye kushindilia silinda ya 1, alama ya digrii 8 ikiwa kwenye sifuri, rota inatakiwa itazame mguu wa kepu wenye waya wa 1. Ikitazama upande wa pili kabisa, umeingia mzunguko mmoja nje, itoe na uirudishe. Gia yake ni ya msokoto, kwa hiyo rota hugeuka kidogo inapozama. Ianzishe nyuma kidogo ili ikae pale unapotaka. Ikikataa kuzama hadi mwisho, usiigonge. Ncha ya chini inatafuta mfuo wa shafti ya pampu ya oili, na mfuo huo unaweza kugeuzwa kwa bisibisi ndefu.

Kisha chukua balbu ya indiketa yenye waya mbili. Waya mmoja kwenye koili, ule mguu unaokwenda distributa. Mwingine kwenye bodi. Rudisha betri, washa swichi bila kupiga stata. Pointi zikiwa zimefungana balbu imezima; zikiachana tu, inawaka, na hapo ndipo cheche inaporuka. Legeza bolti ya distributa, izungushe kwa upande rota inaoelekea mpaka balbu izime, halafu irudishe kinyume polepole, nywele kwa nywele, mpaka iwake. Simama hapo hapo. Kaza. Sasa hakiki: rudisha injini nyuma robo mzunguko, uilete mbele tena kwa mkono ukitazama balbu na alama kwa pamoja. Daima ijie alama kutoka nyuma kwenda mbele, kwa sababu ulegevu wa cheni na wa gia hukudanganya digrii mbili tatu ukiijia kinyume. Usiache swichi ikiwa imewaka muda mrefu pointi zikiwa zimefungana, koili itachemka.

Kazi hii ya balbu peke yake inatosha kulifanya gari liwake kwa kugusa na kutembea. Taa uliyonunua sasa ina kazi nyingine, na ni kazi nzuri. Injini ipate moto kabisa. Chomoa ule mpira mwembamba unaotoka kabureta kwenda kwenye sahani ya distributa, uuzibe. Teremsha kasi ya injini ikiwa imetulia. Bana kishikio cha taa kwenye waya wa 1, mulika puli. Alama ya digrii 8 isimame kwenye sifuri. Ikirukaruka, rudi kwenye shafti ya distributa au cheni. Feni iko karibu sana na mikono yako hapo. Mikono ya shati ikunjwe.

Halafu panda kasi taratibu hadi kama mizunguko 3000 kwa dakika huku ukimulika. Alama iondoke polepole kwa upande wa kutangulia, na irudi palepale ukiachia mafuta. Hivyo ni vyuma vya uzito ndani ya distributa vinavyotanguliza cheche kadiri kasi inavyoongezeka, kwa sababu kwa mizunguko 4000 mzunguko mzima unachukua sekunde 0.015 tu na moto hauna muda wa kusubiri. Kwenye distributa za kutumika grisi hukauka, uzito ukaganda. Usipoondoka, gari litakuwa zito barabarani. Ukiondoka bila kurudi, springi imelegea au imekatika. Mwisho, vuta kwa mdomo ule mpira mwembamba: sahani ya pointi isogee, na ukiziba kwa ulimi ibaki ilipo. Ikirudi yenyewe, ngozi ya ndani imepasuka. Gari litatembea, ila litakunywa petroli zaidi kwenye barabara tambarare kama ile ya Ahero.

Baada ya hapo nenda kwenye kilima chako. Chagua mchana, injini ikiwa moto, abiria wawili au watatu ndani, toka Mamboleo upande Riat kwa gia ya tatu ukikanyaga bila kuwa na haraka ya kubadilisha. Kugonga kusikike kidogo sana mwanzoni kisha kunyamaze, au kusisikike kabisa. Kukiendelea, rudisha digrii mbili, yaani milimita mbili na kidogo kwenye puli yako, ujaribu tena. Usishangae ukiishia kwenye digrii 6. Hedi iliyoskimiwa imepandisha kushindilia: injini ya 1290 yenye uwiano wa 9 kwa 1, ukikata nusu milimita, inakaribia 9.4. Injini ya namna hiyo haitaki cheche itangulie kama zamani.

Tena, kuwa mwangalifu na ushauri kutoka kwetu huku juu. Kisumu iko mita 1,131 juu ya usawa wa bahari, Nakuru inakaribia 1,850, Timboroa imepita 2,700. Hewa nyepesi ya huku hushindiliwa kwa shinikizo dogo, kwa hiyo gari linaweza kuvumilia digrii kadhaa za ziada na likapata nguvu kweli, bila kugonga. Gari hilohilo likishuka ziwani, litagonga. Wewe weka taimingi ya Kisumu, na ukipanda Timboroa kubali kupungukiwa nguvu kidogo. Ukienda Mombasa usiwe juu ya digrii 8 hata kama Riat haikulalamika.

Kama umerudi mpaka digrii 4 na bado linagonga, acha kuirudisha nyuma. Cheche iliyochelewa sana inapeleka moto kwenye egzosti, na joto utakalolipata litaunguza gasketi hiyo mpya. Hapo tafuta kwingine: kabureta inayopitisha petroli kidogo mno, makaa juu ya pistoni, plagi za joto lisilofaa, au rejeta iliyoziba, maana silinda yenye joto hugonga hata cheche ikiwa sawa.

Pointi mpya hujikalia. Baada ya kilomita 500 hivi pima tena mwanya, utakuta umepungua, na taimingi imechelewa pamoja nao. Rudisha 0.45, kisha mulika tena. Ukiniandikia upya, nitumie namba tatu: umbali kati ya alama ya zamani na kilele ulichokipata, digrii uliyoishia nayo Riat, na ni milimita ngapi zilizokatwa kwenye hedi. Aliyeiskimu anazijua.